Barua kwa Mwanangu Manka Kuhusu Shahada ya Tabianchi

Kibosho, Moshi

Mwanangu Manka,

Ujumbe wako nimeupata, nikamsomea na mama yako. Umeniuliza kama usomee shahada ya mabadiliko ya tabianchi na uendelevu, kama zile ulizoziona za ng'ambo, au hilo ni jina zuri tu lisilo na kazi mbele yake. Umeuliza pia kama CBG yako, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, inatosha. Jibu langu ni kwamba somo hilo linakufaa na nitafurahi ukilifuata, ila usianze nalo. Shahada ya kwanza ichukulie kitu kimoja kinachopimika, msitu au udongo au maji, ukijue barabara. Tabianchi isubiri uzamili.

Mfano wangu ni mlima huu wa Kilimanjaro ulikokulia. Anayezungumzia tabianchi hapa kwetu huanza na barafu ya kilele cha Kibo, na ni kweli inaisha. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Kisha huongeza kwamba barafu ikiisha mito itakauka na Moshi itakosa maji. Maneno hayo nimeyasikia kwenye semina nyingi za ugani, tena kutoka kwa watu wenye shahada zao, na yananikera kwa sababu si kweli. Maji ya barafu yanayofika kwenye mito yetu ni kidogo mno. Kule kileleni, mita 5,895, mvua na theluji ni haba. Mvua kubwa inanyesha msituni, upande wetu huu wa kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, ambako kwa mwaka hupita milimita 2,000. Huko ndiko chemchemi zinakopata maji, mifongo yetu, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, inatiririka kutoka huko, na Bwawa la Nyumba ya Mungu linasubiri maji ya huko huko.

Juu zaidi, msitu unapokaribia kwisha, miti inafanya kazi ambayo kipimamvua cha kawaida hakiioni. Ukungu unapopita, matawi yananasa unyevu, matone yanadondoka, udongo unakunywa. Adui wa msitu ule ni moto. Unakumbuka wa Oktoba 2020, halafu ukaja mwingine Oktoba 2022. Hali ikizidi kuwa kavu, moto unapanda kirahisi, na kila unapopita mpaka wa juu wa msitu unashuka. Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi yanagusa maji yetu kweli, lakini njia yake ni ukavu, moto na miti inayopotea.

Angalia tofauti inayotokea hapo, mama. Anayeamini kwamba maji yetu ni ya barafu atabaki kusikitika, maana barafu hakuna wa kuirudisha. Anayeujua msitu atauliza barabara za kuzuia moto ziko wapi, nani analinda msimu wa kiangazi, wapanda mlima na warina asali wanawasha moto wapi, miche ya asili inaota au haioti. Wote wawili wanaipenda nchi yao, ila huyu wa pili anaweza kufanya jambo Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana nasisitiza uanze na kitu chenyewe.

Kahawa nayo ilinifundisha hivyo hivyo. Kwa miaka mingi wakulima wangu walilaumu mvua, na mimi nikiwa bwana shamba niliandika mvua kwenye ripoti. Utafiti uliochapishwa 2015 ukachambua takwimu za miongo kadhaa za nyanda za juu za kaskazini, ukaonyesha kwamba kinachopunguza mavuno ya arabika zaidi ni joto la usiku. Joto la chini kabisa likipanda nyuzi moja, mavuno yanashuka kwa wastani wa kilo 137 kwa hekta. Jibu hilo lisingepatikana kama hakungekuwa na watu waliosoma vipimajoto kila siku ya Mungu, miaka nenda miaka rudi, bila kujua nani atakuja kuzitumia daftari zao. Nami ndiyo sababu kile kipimamvua cha pale bustanini bado nakisoma saa tatu asubuhi, ingawa nimestaafu.

Sasa vyuo. Arizona State University, Marekani, walianzisha shule nzima ya uendelevu mwaka 2006, na wana shahada ya kwanza. Ni chuo kizuri, kipo jirani na Phoenix, mji wa jangwani wenye shida zake za joto na maji. Lund, Uswidi, wana uzamili wa mazingira na sayansi ya uendelevu wa miaka miwili, ulioanza 1997, na wanapokea watu wa shahada yoyote. Litafakari hilo. Wanamkalisha mhandisi na mwanasheria na mtu wa misitu darasa moja ili kila mmoja alete alichonacho. Ukifika pale, wewe utaleta nini?

Hapa nyumbani ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha masomo ya mabadiliko ya tabianchi, na hutoa uzamili wa tabianchi na maendeleo endelevu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ipo Tengeru, Arusha, nauli ya basi tu kutoka kwetu, na inapokea wa uzamili na uzamivu peke yao. Milango hiyo utaikuta ukimaliza shahada ya kwanza.

Kwa CBG yako, mimi naitazama SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro: misitu, au sayansi na usimamizi wa mazingira, au kilimo cha mazao. Shahada ya hali ya hewa pale Dar es Salaam inadai Fizikia na Hisabati, kwa hiyo hiyo iache, na uhandisi wa umwagiliaji vilevile. Kati ya hayo matatu ya SUA ningechagua misitu. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo chuoni hapo hapo, na biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti imeihifadhi, ambayo kila kijiji kinaizungumzia siku hizi, inasimama au kuanguka kwa mtu anayejua kuupima mti. Unazungushia utepe shina, mita 1.3 kutoka ardhini, unakadiria uzito, unakokotoa kaboni. Akikosea huyo, kijiji kinapunjwa au kinauza hewa isiyokuwepo. Wahadza wa Bonde la Yaeda wanalipwa kwa kuulinda msitu wao kwa utaratibu wa namna hiyo. Natamani vijiji vyetu viwe na binti yao anayeweza kuikagua mikataba hiyo kabla wazee hawajatia saini.

Watazame na Watanzania waliofika mbali katika jambo hili. Dkt. Ladislaus Chang'a, aliyechaguliwa 2023 kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC, lile jopo la dunia la tabianchi, ni mtu wa hali ya hewa. Profesa Pius Yanda, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kikundi kazi chake cha pili, ni mtu wa jiografia. Kila mmoja ana fani yake aliyoingia nayo.

Kuhusu kazi sitakudanganya kwamba zinakungoja mlangoni. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, Wakala wa Misitu wanahitaji watu, halmashauri pia, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ofisi yake ipo hapa hapa Moshi.

Kabla hujajaza maombi, tafuta orodha ya masomo ya kila kozi, mwaka kwa mwaka. Iwe na takwimu, ramani za kompyuta na picha za setilaiti, maabara, na fildi ya kweli ya wiki kadhaa. Ukikuta miaka mitatu ya sera na utangulizi wa hiki na kile, hiyo iruke. Sifa za kuingia zihakiki kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usitegemee ya kaka zako.

Fomu ya Bodi ya Mikopo usiicheleweshe. Barua ya mtendaji wa kijiji nitaifuatilia mimi, na cheti cha kuzaliwa nitakipeleka RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, kihakikiwe. Mkopo ukija nusu, nusu iliyobaki mimi na mama yako tutaitafuta, hilo lisikukoseshe usingizi. Msalimie shangazi yako. Nipigie Jumapili baada ya misa ya kwanza, uwe na kozi tatu mkononi ulizozisoma mwenyewe, tuzijadili.

Baba yako