Ni simu yako, mama

Wadogo zangu wa fildi, karibuni Kariakoo. Mmekuja watano mwaka huu na leo mnatimiza wiki tatu hapa kwenye duka letu la kudizaini na kuchapa. Katika wiki hizo nimeona skrini moja ikipanguswa kwa sanitaiza, nyingine ikisimamishwa juu ya rimu mbili za karatasi ambazo mteja alishazilipia, na ya tatu ikitangazwa marehemu kumbe imechomekwa waya wa HDMI huku yenyewe inasubiri picha kwenye tundu jingine, la VGA. Yote nimevumilia, maana na mimi nilikuwa fildi, na aliyenipokea alivumilia makubwa zaidi. Lakini juzi mmoja wenu, simtaji, alimwambia mama wa watu aliyekuja kulalamikia rangi ya bango lake: "Ni simu yako, mama. Kwenye kompyuta iko sawa."

Nilizima mashine ya kukatia, nikatoka nje kununua maji. Kiu sikuwa nayo. Maneno hayo, hivyohivyo yalivyopangwa, niliwahi kuyatamka mimi, na yalinila nusu mshahara kwa miezi minne. Nitafika huko. Tuanze na madogo ya kutunza skrini.

1. Skrini haifi ovyo. Kabla hujaandika tanzia, tazama taa ya kwenye fremu. Ikiwaka au ikipepesa, mgonjwa yu hai, ila hapokei kitu. Bonyeza kitufe cha kuchagua tundu, kisha inama uangalie waya umeingia wapi nyuma ya CPU. Kama mashine ina kadi ya grafiki, waya unachomekwa kwenye kadi, siyo kwenye lile tundu la juu la ubao mama. Nimewahi kumwona fundi wa miaka mingi akibeba skrini nzima hadi Gerezani kwa bodaboda, akairudisha ikiwa nzima vilevile, akalipa nauli mara mbili kwa sababu ya tundu. Na VGA ina pini 15 na imekuwepo tangu 1987. Imewazidi umri nyote, kwa hiyo msiisukume kama mnafunga begi la safari. Ikikataa kuingia, chomoa utazame, huenda kuna pini imelala. Inyanyue kwa ncha ya sindano, taratibu.

2. Weka vipimo vya skrini yenyewe. Kama ni ya 1920 kwa 1080, iache hapohapo. Najua mnaishusha ili maandishi yawe makubwa, lakini mkishafanya hivyo kila herufi inakuwa kama imetoka usingizini. Kuza maandishi kwenye setingi za Windows, asilimia 125, na vipimo msiviguse. Kwa VGA bonyeza Auto picha ikae sawa. Na ukiona nyeusi ni ya kijivu kwenye HDMI, huenda mashine inaidhania skrini ni televisheni na inapeleka rangi kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0, ambayo ndiyo nyeusi kamili, hadi 255. Badilisha kwenye setingi za kadi ya grafiki.

3. Usafi. Zima, acha ipoe, futa kwa kitambaa kikavu cha miwani. Doa likigoma, lowesha kitambaa, usiloweshe kioo. Ukipulizia moja kwa moja, tone linateremka hadi ukingo wa chini, linaingia ndani ya fremu kwenye sakiti, na kesho una mistari ya wima ambayo hakuna setingi ya kuifuta. Juu ya kioo kuna utando unaozuia mng'ao. Spiriti, sanitaiza na dawa ya madirisha yenye amonia huula, na ukishaliwa haurudi. Ile skrini ya karibu na mlango, inayoonekana kama imelambwa na ng'ombe, sasa mnajua ilikuwaje. Maji yawe yale safi ya betri, kwa sababu ya kisima yana chumvi inayoacha alama. Nimesema maji ya betri, sikusema asidi ya betri. Dukani kwa spea ukiomba "ya betri" tu unaweza kupewa yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo maliza sentensi.

4. Rangi. Hapa vuteni viti.

Ilikuwa Desemba 2018, na wakati huo sikuwa hapa, nilikuwa duka jingine. Desemba ya Dar mnaijua: kila Jumamosi ina harusi zake, kila harusi ina kamati, na kila kamati ina rangi. Rangi ya kamati hii ilikuwa pichi. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe na kipande cha kitambaa cha sare, ukubwa wa kiganja, kimekunjwa ndani ya pochi kama pesa ya nauli. Akakilaza mezani kwa vidole viwili. "Hii, mwanangu. Siyo inayofanana na hii. Hii."

Kadi za mwaliko 400, dabo 250 na singo 150, karatasi ya gramu 300. Mchana nilikuwa na mabango ya mtu mwingine, kwa hiyo za mama nikazifungua saa mbili usiku. Sasa, mwenzangu wa zamu ya mchana macho yalikuwa yanamuuma. Alikuwa amewasha ile Night light ambayo Windows 10 iliiongeza 2017, na kuipangia ijiwashe jua likizama na ijizime likichomoza. Inapunguza bluu kwenye kioo, kila kitu kinaelekea njano. Hakuniambia. Mimi nami sikuuliza, kwa sababu kadi nzima ilikuwa pichi, hakuna penye weupe pa kunishtua, na macho ukiyakalisha mbele ya njano kwa robo saa yanaizoea, yanaona ndivyo dunia ilivyo.

Nikaegemeza kitambaa kwenye fremu, chini ya taa nyeupe ya tyubu. Nilianza na asilimia za wino nne za kuchapia: majenta, ile ya pinki iliyokolea, 25, njano 35, siani, ile ya bluu, na nyeusi sifuri. Hiyo ni pichi ya kawaida, aliyechapa kadi miezi sita anaijua hata akiamshwa usiku. Lakini kwenye kioo changu iliiva kama embe. Nikapunguza njano hadi 25. Bado embe. Nikaweka 18. Nikaweka 12. Nilipofika 8 nikasogeza kiti nyuma, nikafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao, nikajiambia hapo. Kitambaa na kioo vilikuwa mapacha.

Namba zilikuwa zinanipigia kelele. Majenta 25, njano 8, hiyo ni pinki. Siyo pichi iliyofifia, wala siyo pichi ya kisasa. Ni pinki ya kadi ya kumkaribisha mtoto wa kike. Mimi nilikuwa naangalia kioo, namba nikazipita kama ombaomba wa kwenye taa za barabarani.

Nikatoa picha, nikaituma kwa WhatsApp kwenye kundi la kamati. Sikilizeni hapa vizuri. Night light haiingii kwenye faili. Inapaka kioo chako tu, faili linaondoka jinsi namba zake zilivyo. Kwa hiyo watu kumi na wanne walipelekewa pinki. Wengi waliweka dole gumba, na sidhani kama walifungua picha. Mwenyekiti akaandika, "Safi sana, kazi iendelee." Mtu mmoja tu alipiga simu.

"Mwanangu, mbona kama pinki?"

Mama alikuwa na simu ndogo, kioo kimepasuka kwenye kona. Mimi nilikuwa mbele ya inchi 24. Nikamjibu kwa ule upole mbaya, upole wa mtu anayejua: "Ni simu yako, mama. Kwenye kompyuta iko sawa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Angenitukana ningekuwa nimeshasahau.

Prufu ya karatasi, ile nakala moja ya kujaribia, sikutoa. Tona ilikuwa inaelekea kuisha na bosi alikuwa ametuhubiria kubana matumizi jioni ileile, basi nikabana kwenye karatasi moja. Nikatuma kazi, kijana wa usiku akachapa, akakata, akakunja, akafunga na utepe. Saa mbili asubuhi nikawasha mashine. Jua lilikuwa limechomoza zamani, Night light imejizima yenyewe kama mwizi aliyerudisha ngazi mahali pake. Faili langu likafunguka pinki tupu. Wallahi nilidhani kuna mtu kalichezea usiku. Nilianza hata kumtafuta.

Mama alifika saa nne na wifi yake. Hakupiga kelele. Alitoa kile kitambaa kwenye pochi, akakilaza juu ya kadi kwa vidole vilevile viwili, akaniangalia. Wifi ndiye aliyeongea, na aliyoyasema siyaandiki. Bosi akachapa upya kadi zote, na gharama akaiweka kwenye mshahara wangu, nusu kwa nusu, Januari hadi Aprili. Zile pinki 400 tulizikata vikaratasi vya kuandikia oda. Mwaka mzima kila mteja aliyeingia aliandikiwa oda nyuma ya jina la bibi harusi yule.

Kwa hiyo mkiniona nakuja juu kwa bango la mita mbili, mjue bango siyo lenyewe.

Mambo ya kufanya ni machache, nayapita haraka. Night light ife kwenye kila mashine ya kudizaini, anayeumwa macho aniambie tumbadilishie zamu. Kwenye vitufe vya skrini chagua sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, kama haipo weka joto la rangi 6500. Ile hali ya Vivid ni ya kuuzia televisheni, mwacheni muuza televisheni nayo. Acha skrini iwake nusu saa kabla hujaamua rangi yoyote. Punguza mwangaza hadi karatasi nyeupe uliyoishika kando yake ifanane na weupe wa kioo, maana mkiweka asilimia 100 kila kazi itatoka giza kwenye karatasi na mtamlaumu mchapaji. Kifaa cha kupimia rangi, kile cha Spyder, kiko kwenye droo ya bosi na hakiumi mtu, ombeni. Soma namba. Toa prufu, hata kama tona inalia.

Na kweli simu za watu nazo hudanganya, kuna zinazochachusha rangi hadi ugali unaonekana umetiwa manjano. Mteja anaweza kukosea. Lakini hiyo isiwe sentensi yako ya kwanza. Ya kwanza ni, "Ngoja niangalie, mama," halafu uangalie kweli.

5. Umeme. Ukikatika, zima swichi ya ukutani, na ukirudi usikimbilie kuwa wa kwanza kuwasha. Subiri utulie. Stabiliza na UPS, lile boksi la betri ya akiba, siyo mapambo, na UPS siyo mahali pa kuchomekea pasi. Nimesema pasi. Mhusika anajijua.

6. Mkao. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, dirisha liwe ubavuni, lisiwe mgongoni wala usoni. Kila dakika 20 tazama kitu kilichoko mita sita, kwa sekunde 20. Mnaotazama wapita njia barabarani mmeshazidisha dozi. Kama skrini iko chini, inueni kwa ubao au kwa maboksi matupu ya tona, siyo kwa rimu za mteja. Zile za kufunga ukutani, matundu ya nyuma mengi ni mraba wa milimita 100 na skrubu zake ni M4, yaani unene wa milimita 4. Usitie ndefu kisa ndiyo iliyokuwepo, itakwenda kutafuta sakiti.

7. Mkitumwa kununua ya mtumba. Muuzaji atawasha video ya bahari na kasuku, rangi zinamwagika, nanyi mtaduwaa. Mwambie azime. Nenda na flashi yenye picha tano tupu: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Kila moja ijaze kioo, tafuta nukta zilizokufa na madoa ya mkandamizo. Kisha isogelee kwa pembeni na kwa chini. Rangi zikigeuka, hiyo ni TN, aina ya kioo cha bei ya chini, inafaa kwa keshia, haifai kwa kadi. Ikichukua dakika kadhaa kukolea mwanga na weupe wake una unjano, taa zake ni zile za tyubu za zamani na zimechoka. Plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo isiwatishe wala msiikate. Ule waya unachomoka, na wa CPU unaingia palepale. Someni tu kibandiko cha nyuma kama kinasema 100 hadi 240 volti.

8. Aliyebandika stika ya Yanga kwenye fremu ya skrini yangu aje aibandue mwenyewe leo, kwa kucha, polepole, bila wembe na bila spiriti. Ingekuwa ya Simba ningesema hivyohivyo. Ningesema kesho.