Usiulize nyumba ya babu ilijengwa lini

Kila ukoo wenye nyumba ya zamani una mwaka wake wa kuwatajia wageni. Kwetu jibu lilikuwa moja: aliijenga babu, basi. Lakini nyumba ya familia hujengwa, ikaongezwa chumba, ikaezuliwa, ikaezekwa upya. Kwa hiyo uliza sehemu moja moja: ukuta huu ni wa lini, na paa je, na jiko la uani?

Anza na wazee, karatasi zitakusubiri. Ila usiwaulize mwaka. Shangazi nilipomuuliza mwaka alinyamaza. Nilipomuuliza nani alikuwa akilala chumba cha mwisho, alinitajia mpaka upande kitanda kilipoegemezwa, kisha akasema, "Ila mlango haukuwa hapa, ulikuwa pale." Nikaugonga ukuta alipoonyesha. Sauti ilibadilika, na kwenye plasta kulikuwa na ufa mwembamba ulionyooka kutoka sakafuni hadi kimo cha mlango. Tembea na mzee chumba kwa chumba huku simu ikirekodi. Miaka huwachanganya, lakini nani alizaliwa kabla ukumbi haujaongezwa wanakumbuka vizuri, na tarehe ya kuzaliwa mtu hutafutika.

Hati ya ardhi huonyesha nani alimiliki kiwanja na tangu lini, mara nyingi bila kusema nyumba ilijengwa lini. Anza na mmiliki wa sasa, urudi nyuma kila palipouzwa au kurithishwa. Yetu ilionyesha kwamba babu alinunua kiwanja kikiwa tayari na nyumba. Kina baba wadogo hawakufurahi. Ukipata ramani mbili za zamani, jengo likawa halipo katika ya kwanza na lipo katika ya pili, umeshapata kipindi cha kuanzia.

Baada ya hapo panda darini na tochi. Msumari wenye shina la pembe nne kwa kawaida ni wa zamani kuliko ule wa mviringo wa waya, ambao ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde zinaonyesha mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa duara. Kioo cha dirisha kinachofanya vitu vya nje vionekane vimejikunja huenda ni cha kabla ya ule utaratibu wa kumwaga kioo juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, uliotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Saruji ya Portland nayo ilipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) mwaka 1824, kwa hiyo ukuta wenye saruji hiyo tangu msingi hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Lakini fundi hutumia tena mbao na misumari ya nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo usiridhike na ushahidi mmoja.

Rangi usiikwangue bila kuilowesha. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi (Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978), na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Ndugu wakipingana, andika masimulizi yote mawili, kila moja na jina la aliyesimulia na tarehe uliyoyasikia. Mimi sikumfuta babu. Niliandika kwamba alinunua nyumba ya vyumba viwili, akaongeza ukumbi na jiko.