Wajina kwenye historia: msiliamini jina peke yake (kwa nyie mnaoanza)

Habari zenu wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuandika historia, kupanga nyaraka, kuandaa wasifu wa watu wa zamani na mambo kama hayo. Kuna kitu kimoja natamani mtu angenikalisha chini akaniambia mwezi wa kwanza tu, maana kuna kosa nililifanya ambalo mpaka leo nikilikumbuka roho inaniuma.

Nilipewa orodha ndefu ya vitabu vya zamani vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, niviunganishe na waandishi wake kwenye databesi. Nikafika kwa Ibn Rushd, nikasema huyu namjua, si yule mwanafalsafa wa Cordoba, kule Hispania, ambaye Wazungu wanamwita Averroes, basi nikachukua kila kitabu chenye jina hilo nikamwekea yeye, nikaendelea na wengine. Ikapita miezi. Siku moja msomaji akauliza, kwa upole kabisa, mbona mwandishi wa kitabu hiki wengine wanasema alifariki 1126 na nyie mmeandika amezaliwa 1126?

Kumbe walikuwa wawili, babu na mjukuu. Babu alifariki 1126, mjukuu akazaliwa mwaka huohuo 1126 na kufariki 1198. Na hapo hebu angalia jinsi walivyofanana: wote Abu al-Walid, wote Muhammad bin Ahmad, wote Ibn Rushd, wote wanasheria wa madhehebu ya Maliki, wote walikuwa makadhi Cordoba. Yaani kila kitu ambacho ningetumia kuwatofautisha kilikuwa kinafanana! Wenyewe wanazuoni walishaliona tatizo zamani sana, ndo maana wakamwita mmoja al-Jadd, yaani babu, na mwingine al-Hafid, mjukuu. Ningefungua tu kitabu kimoja cha wasifu wa wanazuoni ningeliona. Lakini sikufungua, kwa sababu nilidhani namjua, na nawaambia ukweli, wajina wanaokuumiza si wale usiowajua, ni yule mmoja maarufu unayemjua, kwa sababu umaarufu wake unavuta kila kitu kilichoandikwa jina lake kama sumaku.

Sasa mtu atasema, mbona kwetu tuna "bin", linatatua. Linasaidia kweli, mara nyingi sana. Chukua masultani wa Zanzibar, ukikuta barua imeandikwa Sultani Khalifa tu usikimbilie kuandika, kuna Khalifa bin Said aliyetawala 1888 hadi 1890 na kuna Khalifa bin Harub aliyetawala 1911 hadi 1960. Ali pia wawili, Ali bin Said (1890 hadi 1893) na Ali bin Hamud (1902 hadi 1911). Hapo "bin" inakutoa kabisa. Ila kwa kina Ibn Rushd haikunitoa, maana kwenye ukoo jina la babu linarudi kwa mjukuu, na jina la baba wa babu linarudi kwa baba wa mjukuu, na mnyororo wote unakuja kufanana tena. Kwa hiyo "bin" ni mwanzo wa kuuliza, usiifanye ndo jibu.

Kinachonisaidia mimi siku hizi ni kwamba siandiki jina lolote kabla sijapata vitu vitatu pembeni yake: mwaka, mahali, na mtu mmoja anayehusiana naye, iwe mzazi, mke, mwalimu, adui, yeyote. Ukikosa vyote vitatu usiunganishe, acha faili lisimame lenyewe na alama ya kuuliza. Na mwaka peke yake msiutegemee sana jamani, kuna wajina walioishi pamoja. Gregorio wa Nyssa na Gregorio wa Nazianzo, wote wa karne ya 4, wote maaskofu, wote wanateolojia na walikuwa marafiki, sasa hapo mwaka utakusaidia nini? Ni mahali ndo panawatenganisha. Halafu kuna kina Agostino, mmoja wa Hippo, kule Afrika Kaskazini, aliyefariki 430, na mwingine wa Canterbury aliyepelekwa Uingereza na kufariki karne ya 7 mwanzoni. Hawa ni rahisi, lakini nimeona watu wazima wakimpa mmoja maneno ya mwenzake.

Mary nao wanachosha. Mary wa Kwanza alitawala Uingereza 1553 hadi 1558, na Mary Malkia wa Scotland alikatwa kichwa 1587, walikuwa hai wakati mmoja, na watu wanawachanganya kila siku. Ila mtego wenyewe ni jina Mary Tudor, maana huyo Mary wa Kwanza anaitwa hivyo, na shangazi yake, dada yake Henry VIII, aliyeolewa na mfalme wa Ufaransa Louis XII na kufariki 1533, naye ni Mary Tudor. Ukikuta barua ya Mary Tudor ya mwaka 1515 ujue unasoma ya shangazi, mpwa wake hata hajazaliwa.

Namba za wafalme na mapapa zisiwadanganye pia. Namba nyingi zimewekwa na watu wa baadaye, Elizabeth aliyekuwa malkia 1558 hakuitwa wa Kwanza na mtu yeyote wakati wake kwa sababu wa pili hakuwepo, kwa hiyo usitafute hiyo namba kwenye nyaraka za enzi zake. Na upande wa mapapa kuna Yohane XXIII wawili! Baldassarre Cossa alijiita hivyo 1410 hadi 1415 wakati Kanisa limegawanyika, baadaye akahesabiwa kuwa si papa halali, na 1958 Angelo Roncalli alipochaguliwa akachukua jina lilelile na namba ileile. Halafu kwenye orodha hiyohiyo Yohane XX hayupo kabisa, hesabu iliruka. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza nilidhani kitabu kimekosewa chapa.

Na kuna kinyume chake, mtu mmoja anayeonekana wawili. James VI wa Scotland na James I wa Uingereza ni mtu yuleyule, alipewa kiti cha Scotland 1567 akiwa mtoto mchanga na 1603 akapata na cha Uingereza. Nimekuta orodha zenye faili mbili zake, kila moja na picha yake. Kwa hiyo msije mkaogopa wajina mpaka mkaanza kumkata mtu vipande.

Wasomaji wa Biblia tatizo hili mnalo nyumbani. Herode wa Mathayo 2 ni Herode Mkuu, yule wa kifo cha Yohana Mbatizaji ni mwanawe Antipa, na yule wa Matendo 12 aliyemuua Yakobo ni Agripa wa Kwanza, mjukuu wa Herode Mkuu. Watatu hao, na maandiko yanasema "Herode" tu! Muulize mtu wa kawaida atakwambia ni mfalme mmoja mbaya aliyeishi muda mrefu sana.

Zamani watu walilichukulia hili kwa uzito kuliko sisi. Winston Churchill wa Uingereza akiwa kijana aligundua kwamba Marekani kuna mwandishi wa riwaya anaitwa Winston Churchill, na wakati huo huyo wa Marekani ndo alikuwa anajulikana zaidi. Mwaka 1899 akamwandikia barua, wakakubaliana kwamba wa Uingereza atasaini kazi zake Winston Spencer Churchill. Ndo maana hilo "Spencer" lipo kwenye vitabu vyake. Mimi nalipenda sana hili tukio, maana ni mara chache wajina wenyewe wanatupangia kazi sisi tutakaokuja baadaye, wengi wametuachia fumbo.

Jambo la mwisho ni la kiufundi lakini limeniokoa mara nyingi. Kuunganisha faili mbili ni kubofya mara moja, kutenganisha ni wiki nzima, kwa sababu ukishachanganya huwezi tena kujua barua hii ilitoka upande gani na tarehe ile ilitoka wapi. Mimi kwa kina Ibn Rushd ilibidi nirudie kitabu kimoja kimoja, na wakati huo watu walikuwa wameshakopi makosa yangu wakayapeleka kwao, huko sikuweza kuyafuata. Kwa hiyo kabla hujaunganisha, hifadhi nakala ya faili zote mbili zilivyokuwa, andika siku, andika jina lako, na andika sentensi moja ya kwa nini umeamua ni mtu mmoja. Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi, funga faili, nenda kasome zaidi.