Jua linanitoa vipele, ni aleji kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni dada wa miaka 27, kazi yangu ya ofisini, jua naliona asubuhi nikiingia na jioni nikitoka basi. Mwezi uliopita tulikuwa na mechi ya wafanyakazi nikashinda uwanjani kutwa nzima na blauzi ya shingo pana, siku ile hamna kitu, kesho yake naamka nawashwa balaa, kifua pale blauzi ilipoachia na mikono kwa nje vipele vidogo vidogo kama punje za mchele, usoni hata kimoja hakuna. Vikakaa siku 5 vikaondoka vyenyewe. Hii mara ya tatu sasa. Rafiki yangu anasema ni harara tu ya joto, eti watu weusi hawapati aleji ya jua. Kweli?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kakosea mara mbili. Harara inapenda palipofunikwa na jasho, mgongoni, kwapani, chini ya matiti, wakati vipele vyako vimechora umbo la shingo ya blauzi kabisa. Na hili la weusi tuliache, melanini (ile rangi nyeusi ya ngozi) inapunguza kuungua lakini mzio wa jua ngozi yoyote inaupata, tofauti ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri ndo maana watu wanapuuza.

Kilichonisaidia zaidi kwenye barua yako ni zile saa. Vipele vinavyotoka masaa kadhaa baada ya jua au kesho yake, vikakaa siku kadhaa na kuondoka bila kovu, huo ni mzio wa jua wa kuchelewa, ndio unaoonekana zaidi kuliko mingine yote na wanawake vijana ndo wanaoupata sana. Mwale wa jua unabadilisha kitu ndani ya ngozi, kinga ya mwili inakiona kama mgeni inaanza kukishambulia, na hayo mashambulizi yanachukua muda. Uso umepona kwa sababu unapigwa na jua kidogo kidogo kila siku mpaka umezoea, kifua chako hakijazoea, umekitoa ofisini ukakipeleka uwanjani siku moja kutwa nzima, lazima kigome.

Ingekuwa ni dakika chache tu umetoka nje tayari umevimba mabaka kama umeng'atwa na mbu wengi, halafu ukiingia kivulini baada ya saa moja au mawili yamepotea, hiyo ni nyingine na hiyo usiichezee, manake mtu anaweza kupata kizunguzungu au kubanwa pumzi, akifika hapo akimbizwe hospitali.

Cha kufanya: siku ya kukaa nje vaa mikono mirefu, kitambaa kilichoshonana (kiinue kwenye taa, ukiona mwanga unapenya sana basi na jua linapenya), kimbia jua la saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Sanskrini (mafuta ya kukinga jua) chukua ya SPF 30 kwenda juu, SPF ndo namba ya nguvu ya kukinga, lakini angalia iwe imeandikwa inazuia na UVA, yaani mionzi ya jua inayozama ndani zaidi ya ngozi, maana namba ya SPF inahesabu hasa UVB, ile inayounguza ngozi ya juu, na mzio huu mara nyingi unaletwa na UVA. Paka kabla hujatoka, rudia kila baada ya masaa mawili, na paka nyingi, watu wengi wanapaka kama wanaogopa itaisha. Kuwashwa kukizidi, muulize mfamasia kidonge cha aleji. Ila ukianza kuumwa viungo, vidonda mdomoni, nywele zinanyonyoka, na upele umekaa mashavuni mpaka juu ya pua, nenda upimwe damu, lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) nayo haipatani na jua.

SWALI: Dokta mi dereva wa lori, mkono wa upande wa dirisha unaniungua na kuwa mweusi wakati kioo nafunga muda wote. Mkono mwingine mzima. Umeanza kama miezi miwili hivi. Ajabu chini ya saa ninayovaa ngozi safi kabisa!

JIBU: Kaka, kioo cha dirisha kinazuia UVB, UVA inapita. Swali langu kwako ni moja, miezi miwili iliyopita ulianza kumeza nini? Kidonge cha presha kinachokojoza sana, haidroklorothiazaidi, kinafanya ngozi iungue kwa jua dogo tu, na dawa za kuua bakteria kama doksisaiklini na siprofloksasini hivyo hivyo, hata jeli nyingine za maumivu za kupaka. (Ndimu pia, maji yake yakikaukia mkononi juani yanaacha michirizi myeusi ya wiki nyingi, ila wewe sidhani.) Kama ni cha presha USIACHE mwenyewe, presha ikipanda barabarani hiyo ni shida kubwa kuliko mkono. Rudi kwa aliyekuandikia na boksi la dawa, vipo vidonge vingine vya kubadilisha. Mpaka siku hiyo endesha na shati la mikono mirefu. Na nenda na hiyo saa mkononi, ukifika uivue mbele yake aone mwenyewe mstari ulivyokatika, itampunguzia maswali.