Torp si Gardermoen

Dada, umeuliza kama Torp na Gardermoen, viwanja vya ndege vya Norwei, ni uwanja mmoja. Hapana, hivyo ni viwanja viwili tofauti, hata kama tiketi imeandikwa "Oslo Torp". Mashirika ya bei nafuu hupenda kubandika jina la Oslo hapo, lakini Torp uko Sandefjord, kama kilomita 110 kusini mwa jiji. Gardermoen, uwanja mkuu wa Oslo tangu 1998 ulipofungwa ule wa zamani wa Fornebu, uko upande wa pili, karibu kilomita 50 kaskazini.

Kwa hiyo kutua Torp halafu kuwahi ndege ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, kutoka Gardermoen ndani ya masaa matatu, mimi nisingethubutu. Utachukua basi au treni mpaka Oslo, kisha uendelee kwa treni ya dakika 20 na ushee, na mizigo unaikabidhi upya. Tiketi zikiwa mbalimbali, ukichelewa hasara ni yako. Bora ulipe zaidi kidogo utue Gardermoen moja kwa moja.

Ukitoka Tromsø kwenda miji midogo ya Finnmark, kaskazini kabisa mwa nchi, utapanda ndege ndogo za panga boi za shirika la Widerøe, maana viwanja vingi huko vina njia ya kurukia ya mita 800 hivi tu. Upepo ukichachamaa, safari inaahirishwa.

Na visiwa vya Svalbard ulivyovitaja: ni vya Norwei lakini viko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Beba pasipoti, na hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utakwama wakati wa kurudi.