Mkienda kurekodi albamu ya kwanza, punguzeni kasi

Bendi changa ikinifuata kuomba ushauri kabla ya kuingia studio, huwa naipa kazi moja kwanza: kaeni pamoja, zimeni simu, msikilize "Beauty and the Beat" ya The Go-Go's toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ni nyimbo 11 tu. Ilitoka Julai 1981, enzi za New Wave, ule muziki wa roki wenye ladha ya pop uliozaliwa na panki, na ndiyo albamu ya kwanza ya mabinti hao watano wa Los Angeles. Mimi napiga dramu, na kuna mambo ya kazi hii ambayo nimeyaelewa kwa kuwasikiliza wao.

Walianza 1978 kwenye vilabu vya panki, roki ya mbio na kelele, vya Hollywood. Belinda Carlisle aliimba, Jane Wiedlin akashika gitaa la ridhimu, Charlotte Caffey la solo, na Gina Schock, mtoto wa Baltimore, akakaa kwenye dramu. Kathy Valentine alikuwa mpiga gitaa. Mwishoni mwa 1980 aliitwa kuziba pengo la besi kwenye maonyesho yao ya klabu ya Whisky a Go Go, akazisoma nyimbo kwa siku chache, na kazi ikawa yake. Makampuni makubwa ya kurekodi yaliwakataa, eti bendi ya wanawake watupu haiuzi. Waliokuja kuwasaini ni I.R.S., kampuni ndogo ya Miles Copeland.

Sasa tuje kwenye kasi, maana hapo ndipo bendi nyingi changa zinapoharibikiwa. Jukwaani wale mabinti walizoea kupiga mbio, kipanki. Kule New York walikorekodia, prodyuza Richard Gottehrer, ambaye alishaitengeneza albamu ya kwanza ya bendi ya Blondie, aliwataka wapunguze mwendo ili maneno na melodi visikike. Sikilizeni "Our Lips Are Sealed", wimbo ambao Wiedlin aliutunga na Terry Hall, mwimbaji wa bendi ya The Specials. Katikati vyombo vinatulia, sauti nyembamba ya Wiedlin inaingia kama mtu anayekubembeleza sikioni, halafu bendi nzima inarudi. Kwa mwendo wa klabu, kipande hicho kingepita kabla sikio halijakipokea.

Nyumbani fanyeni hivi. Wekeni metronomu ya kwenye simu, ile inayogonga mapigo kwa mwendo mmoja, pigeni wimbo kwa mwendo wenu wa jukwaani, muandike namba yake. Shusheni kidogo, mrekodi kwa simu. Shusheni tena. Endeleeni mpaka mwimbaji aweze kutamka kila neno bila kuiba pumzi. Msiamue siku hiyohiyo. Kesho yake, mikono ikiwa imepoa, sikilizeni zote mfululizo. Mara nyingi mtajikuta mnaichagua ile ambayo jana mliiona nzito.

Binti mmoja mpiga besi aliwahi kuniambia, "Dada, tukishusha hivyo wimbo utalala." Nikamwomba apige na dramu peke yake, bila gitaa wala sauti. Tukasikia wote kwamba nota zake zilikuwa zinatangulia teke la dramu kubwa, padogo tu, kila mzunguko. Alipozikalisha juu ya lile teke, wimbo uliamka kwa mwendo uleule aliokuwa anaulalamikia. Mbio huficha kasoro za namna hiyo, na maikrofoni ya studio huzianika zote.

Kwa wapiga dramu wenzangu: mkishusha mwendo, nafasi zinafunguka na mikono inawasha kutaka kuzijaza. Ziacheni. Mwanzo wa "We Got the Beat" ni Schock na ngoma zake, mapigo mazito yanayojirudia bila mbwembwe, na mtu mzima anasimama kucheza kabla gitaa halijasema kitu.

Mkikabidhiwa nyimbo zikiwa zimechanganywa, yaani sauti na vyombo vikiwa vimeunganishwa, msigombane na prodyuza siku ya kwanza. The Go-Go's wenyewe hawakufurahi; walidhani wamerekodi albamu ya panki, wakasikia pop. Machi 1982 albamu hiyohiyo ilishika namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ikakaa wiki sita, ikiipita ya The Police, bendi ambayo wao walikuwa wakiifungulia maonyesho. Hakuna bendi ya wanawake wanaotunga na kupiga vyombo wenyewe iliyokuwa imefika hapo kabla yao. Napenda kuwaambia mabinti hili kwa sauti, kwa sababu bado kuna mameneja wanaowauliza ni nani anayewapigia vyombo.

Jambo la mwisho ni fedha, na naomba msilionee haya. Fedha za utunzi humwendea mtunzi, si kila aliyepiga. Kwa The Go-Go's jambo hilo lilileta uchungu mkubwa, likawa miongoni mwa yaliyowavunja 1985. Kwa hiyo kabla ya kulipia saa ya kwanza ya studio, chukueni karatasi, andikeni kila wimbo na asilimia ya kila mtu: aliyeleta maneno, aliyeleta melodi, na kama mmekubaliana, fungu la bendi nzima. Wote watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala, na nyimbo zisajiliwe kwenye taasisi ya hakimiliki ya nchi yenu kwa mgawanyo huohuo.