Kwa nini raga ya Ayalandi ina timu nne tu za kulipwa

Kuna aliyeuliza kwa nini Ayalandi haina klabu za raga za kulipwa kama Ufaransa: ni kwa sababu ya majimbo, ambayo ndiyo yenye timu hizo nne. Leinster, Munster, Ulster na Connacht ni majimbo ya kale ya kisiwa kizima, ndiyo maana Ulster ina kaunti 6 za Ayalandi ya Kaskazini na 3 za Jamhuri. Mashindano rasmi baina yao yalianza 1946, ila mechi zilikuwa chache, kisha kila mchezaji anarudi klabuni kwake. Hata Munster walioilaza New Zealand 12–0 pale Limerick mwaka 1978 walikuwa wachezaji wa ridhaa.

Mishahara iliporuhusiwa 1995, klabu hazikuwa na ubavu wa kulipa, na wachezaji wakaanza kukimbilia England. Chama cha taifa, IRFU, kikawaajiri chenyewe kupitia majimbo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka: Ulster wakabeba Kombe la Ulaya 1999. Waliobaki wakionewa, kwa maoni yangu, ni Connacht. Mwaka 2003 IRFU ilifikiria kuwavunja ili kubana matumizi, mashabiki wakaandamana Dublin. 2016 wakawapiga Leinster 20–10 kwenye fainali ya ligi.